Kwa Nini Tabibu Huomba Picha ya Pili



Ni nadra kupata karatasi itiayo hofu nyumbani kama ile arudiyo nayo mgonjwa kutoka hospitali ikiwa imeandikwa kwamba baada ya wiki sita, au miezi mitatu, au mwaka, arejee tena kupigwa picha nyingine. Picha ya kwanza aliiendea bila wasiwasi mwingi, kwa kuwa alikuwa akiumwa na alitaka kujua. Lakini hii ya pili, ambayo aghalabu humjia wakati maumivu yamekwisha kumtoka, huifasiri kwa moja ya dhana mbili. Ama husema kwamba tabibu ameyaona mauti na anaona haya kuyataja, ama husema kwamba hospitali inatafuta fedha. Dhana ya kwanza huwakosesha watu usingizi, na ya pili huwafanya waikunje ile karatasi wakaitia kabatini wasirudi tena, na zote mbili huwadhuru watu ambao pengine maradhi yenyewe yasingewadhuru. Nimesimama mbele yenu jioni hii ili nieleze, kwa kadiri ya ilimu niliyojaliwa, sababu zinazomfanya tabibu aombe picha mara ya pili. Na tangu mwanzo nataka niseme lile ninaloliamini, ili mlipime katika yote yatakayofuata, nalo ni kwamba katika kadhia nyingi wakati wenyewe ndio kipimo, na haijaundwa bado mashine iwezayo kuupima wakati kwa kutazama mara moja.

Matabibu wa kale kwa kawaida hawakuwa na njia ya kuuona undani wa mwili wa aliye hai isipokuwa kwa kisu, mpaka tarehe 8 Novemba 1895, Wilhelm Conrad Röntgen, mwalimu wa fizikia katika mji wa Würzburg huko Ujerumani, alipogundua miale ipenyayo nyama ikazuiwa na mfupa, ndiyo eksirei, na kabla ya mwaka ule kwisha akawa amepiga picha ya mkono wa mkewe, mifupa yake na pete yake vikaonekana dhahiri. Mwaka 1958, tabibu wa wanawake katika mji wa Glasgow, Ian Donald, pamoja na wenziwe, alitangaza namna ya kuutazama mwili kwa mawimbi ya sauti ambayo sikio halisikii, na hiyo ndiyo ultrasaundi ambayo leo kila mama mjamzito anaijua. Kisha tarehe 1 Oktoba 1971, katika hospitali ya Atkinson Morley huko London, mwanamke mmoja aliyedhaniwa kuwa na uvimbe kichwani akawa mgonjwa wa kwanza kupigwa picha ya ubongo kwa mashine ya Godfrey Hounsfield, mashine ambayo sasa tunaiita CT skani. Na Hounsfield alipotunukiwa Nishani ya Nobel mwaka 1979 aliipokea pamoja na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, ambaye hesabu zake za namna ya kujenga picha kutokana na miale zilikuwa zimetangulia mashine yenyewe.

Nimeyataja haya kwa sababu mashine zote hizo, kwa tofauti zake za gharama na ustadi, zina upungufu mmoja ulio sawa. Kila moja huusimamisha mwili katika nukta moja ya wakati, ikasema: hapa pana kitu, na ukubwa wake ni huu, na sura yake ni hii. Haiwezi kusema kitu hicho jana kilikuwaje wala kesho kitakuwaje. Mtu aliyesimama ufukweni akaona tanga mbali kwenye upeo wa bahari hawezi kwa mtazamo mmoja kusema kama chombo kinakuja bandarini au kinatoka. Hungoja kidogo, akatazama tena, na ule mtazamo wa pili, usio mkali kuliko wa kwanza wala haukutumia macho mengine, ndio umpao yakini.

Nianze na mapafu, maana huko hoja yangu iko bayana kuliko penginepo. Mtu amepata ajali ya gari, akapelekwa kwenye CT skani itazamwe kama mbavu zake zimevunjika; mbavu zikaonekana salama, lakini pembeni mwa pafu la kulia pakaonekana kinundu cha milimita 7, ambacho hakuna aliyekitafuta na ambacho hakina uhusiano wowote na ajali. Kinundu hicho ni kitu gani? Katika nchi zetu, ambako kifua kikuu kimeishi nasi kwa vizazi, huenda ikawa ni kovu la vita ambavyo mwili ulipigana zamani ukashinda bila mwenyewe kujua. Huweza kuwa tezi ndogo ya kawaida iliyojificha ndani ya pafu. Huweza kuwa alama ya uambukizo uliopo sasa. Na huweza, kwa nadra, kuwa mwanzo wa saratani. Vitu vyote hivi, vikiwa vidogo kiasi hicho, hufanana mno katika picha, hata aliyetumia umri wake wote kusoma picha za kifua hawezi kuapa kwamba hiki ni hiki wala si kile. Kukifikia kwa sindano ili kuchukua kinyama ni vigumu kwa udogo wake, na sindano yenyewe huweza kulitoboa pafu likasinyaa. Na kumpasua mtu kifua kwa ajili ya kovu ni kumdhulumu.

Lakini vitu hivi vifananavyo kwa sura havifanani kwa mwendo. Kovu hukaa pale pale miaka nenda miaka rudi. Uambukizo hubadilika kwa siku na wiki, ukavimba au ukatoweka. Saratani ya pafu iliyo ngumu, kwa kawaida, hujiongeza maradufu katika muda ulio baina ya mwezi mmoja na takriban siku 400. Basi tabibu mwenye hekima hukipa kinundu muda kijishuhudie chenyewe. Jumuiya ya Fleischner, ambayo ni jumuiya ya kimataifa ya mabingwa wa picha za kifua, ilitoa mwaka 2017 mwongozo unaofuatwa katika hospitali nyingi duniani kwa watu wazima wasiokuwa na saratani tayari wala upungufu wa kinga ya mwili: kinundu kimoja kigumu kilicho chini ya milimita 6, kwa mtu ambaye hatari yake ni ndogo, hakina haja ya kufuatiliwa, kilicho baina ya milimita 6 na 8 hutazamwa tena baada ya miezi 6 hadi 12, na kikizidi milimita 8, tabibu hufikiri juu ya picha nyingine baada ya miezi 3, au kipimo cha PET kionyeshacho uhai wa chembe, au kuchukua kinyama. Na kinundu kigumu kilichokaa miaka 2 bila kukua huhesabiwa kuwa hakina shari.

Huenda mtu akauliza, kwa nini miezi 6, na kwa nini asirudi mwezi ujao akatolewa wasiwasi upesi? Jawabu lake limo katika hesabu. Kinundu kikitoka kipenyo cha milimita 8 kikafika 10, anayesikia atasema kimeongezeka milimita 2 tu; lakini kwa kuwa ni kitu cha mviringo, ujazo wake umekaribia kuwa maradufu. Kwa upande wa pili, tofauti ya milimita 1 huweza kutokea kwa sababu mgonjwa safari hii alivuta pumzi nyingi zaidi, au kwa sababu mpimaji aliweka alama yake kando kidogo ya pale ilipowekwa mara ya kwanza. Akirudi mapema mno, hatutajua tulichokiona ni ukuaji au ni kosa la kipimo, na tutakuwa tumemwongezea miale na hofu bila kumwongezea maarifa. Muda uliomo katika karatasi ile, ambao mgonjwa huudhania kuwa umeandikwa ovyo au umetokana na msongamano wa foleni, umepimwa uwe mrefu kiasi cha mabadiliko kuonekana, na uwe mfupi kiasi cha madhara kutowahi kutokea. Ningetamani kila tabibu alieleze neno hili moja kwa kila mgonjwa, maana dakika mbili za maelezo zingewaondolea watu usiku mwingi wa kukesha.

Sasa niende kwa akina mama, ambao hupigwa picha ya pili kwa wingi, na ambao hofu yao huwa ni ya nafsi mbili. Mama amekwenda akiwa na mimba changa, pengine kwa sababu ameona damu kidogo. Mpimaji akatazama, akaona mfuko wa mimba na kiinitete ndani yake, ila hakuona mapigo ya moyo. Hapo moyo wa mama huvunjika, na wako wanaotoka chumbani wakiwa wamekwisha kuamini kuwa mimba imeharibika. Lakini tarehe ambazo tunazihesabu kwa kumbukumbu ya hedhi hukosea, na kiinitete kilicho kidogo sana huenda moyo wake bado haujafika wakati wa kuonekana ukidunda. Kwa hiyo kanuni iliyowekwa Uingereza, nayo inafuatwa kwingi, ni kwamba ikiwa urefu wa kiinitete haujafika milimita 7, au mfuko usio na kiinitete haujafika milimita 25, katika kipimo kilichofanywa kwa njia ya uke, haifai kuhukumu. Mama hurudi baada ya siku 7 au zaidi, na zile siku ndizo hakimu. Kutoa hukumu kwa haraka katika jambo hili ni hatari isiyoelezeka, kwa kuwa hukumu ya makosa ingeweza kuitoa mimba iliyo hai. Sharti niongeze hapo hapo kwamba kungoja huku ni kwa mama aliye na hali ya utulivu: aliyeshikwa na maumivu makali ya tumbo, au kizunguzungu, au damu nyingi, asingoje siku wala saa, maana mimba iliyotunga nje ya kizazi huua.

Mimba ikifika karibu ya wiki 20, huja habari nyingine ambayo imewatia huzuni wanawake wengi bila ya sababu. Mpimaji huandika kwamba kondo la nyuma limekaa chini, karibu na mlango wa kizazi au juu yake. Mama huambiwa na mashoga na mawifi kwamba hatazaa ila kwa kisu, au kwamba atatokwa na damu afe, na wengine huanza kumnywesha dawa za mizizi ili kondo lipande. Ukweli ni kwamba kizazi hakikui sawasawa pande zote. Sehemu yake ya chini hurefuka sana katika miezi ya mwisho, na kondo lililoshikamana na ukuta wake huchukuliwa pamoja na ukuta huo, likawa mbali na mlango. Katika wanawake walioambiwa kwa picha ya wiki 20 kwamba kondo liko chini, takriban 9 katika kila 10 huonekana baadaye kuwa limekwisha kusogea. Ndiyo sababu mama huombwa arudi katika wiki ya 32, na kama bado liko chini, katika wiki ya 36. Yule mmoja aliyebaki ndiye ambaye picha ya pili imepigwa kwa ajili yake, kwa sababu yeye aghalabu hana budi kuzalishwa kwa upasuaji, katika hospitali yenye damu ya akiba, kabla uchungu haujamshika kijijini usiku. Na kama mama huyo alikwisha kupasuliwa katika uzazi uliopita, na kondo limekaa mbele juu ya kovu lile, picha hiyo ni ya wajibu mkubwa zaidi, maana kondo huweza kujipandikiza ndani ya kovu likakataa kutoka. Sijui picha nyingine ambayo gharama yake ni ndogo na faida yake ni kubwa kama hii, na naona ni msiba kwamba wanaume wengi, waume zetu na ndugu zetu, huihesabu kuwa ni anasa.

Kuna aina nyingine ya kurudi, ambayo sababu yake ni kwamba maradhi yamewahi kufika kabla ya alama zake. Kijana ameanguka akajizuia kwa kiganja. Anaumwa upande wa dole gumba, chini kidogo ya kifundo. Eksirei ikaonyesha mifupa yote mizima. Uko mfupa mdogo hapo, mfano wa kidau, ambao ufa wake huweza usionekane siku ya kwanza, na ambao damu yake huingilia upande mmoja tu, hata ukivunjika na kuachwa, kipande cha upande wa pili huweza kufa, na kijana akabaki na mkono usio na nguvu umri wake wote. Hapo tabibu humfunga hogo kana kwamba mfupa umevunjika, akamwambia arudi baada ya siku 10 hadi 14, wakati ambapo kingo za ufa zimekwisha kulainika ukaonekana. Wengi hulikata hogo wenyewe siku ya nne, kwa kuwa waliambiwa eksirei ni safi.

Na kiharusi vivyo hivyo. Mshipa wa ubongo ukiziba, CT skani ya saa za kwanza huweza kuonekana kama ya mtu mzima wa afya, hali upande mmoja wa mwili umekwisha kulala. Lakini mshipa ukipasuka, damu huonekana nyeupe mara moja. Kwa hiyo ile picha ya haraka hupigwa hasa ili kujua kama kuna damu, kwa sababu dawa ya kuyeyusha bonge la damu ni shifaa kwa aliyezibwa na ni mauti kwa aliyepasukiwa. Aliyepewa dawa hiyo hupigwa picha tena baada ya saa 24, ithibitike kwamba hakuna damu iliyovuja, kabla ya kuanzishiwa aspirini. Jamaa zake, waliokwisha kulipia picha ya kwanza, huuliza kama ile ilikuwa mbovu. Haikuwa mbovu, iliulizwa swali moja ikalijibu, na sasa kuna swali jingine.

Nisiwapite wazee wetu. Mzee akijigonga kichwa mlangoni leo, akapigwa picha ikawa safi, kisha baada ya wiki tatu au nne akaanza kusahau majina, kuyumba, na kulala mchana kutwa, watu husema ni uzee. Kumbe damu inayovuja polepole baina ya ubongo na utando wake huweza kujikusanya kwa wiki nyingi hata ikaukandamiza ubongo, na mpasuaji huweza kuitoa kwa tundu dogo mzee akarudi kuwa yeye. Anayemwambia mzee huyu kwamba alikwisha kupigwa picha na hapana haja ya nyingine, humnyima haki yake.

Nifike sasa kwenye picha zinazopigwa baada ya dawa, na mfano nitakaoutumia ni wa visiwani kwetu. Kichocho tumekijua Unguja na Pemba kwa dahari nyingi. Mnyoo wake ulionwa kwanza na tabibu wa Kijerumani, Theodor Bilharz, huko Kairo mwaka 1851, nao huingia mwilini kwa njia ya ngozi ya mtoto aogaye kwenye maji baridi yenye konokono, kisha mayai yake yakakwama katika ukuta wa kibofu na mtoto akakojoa damu. Ukimtazama mtoto huyo kwa ultrasaundi, huweza kuona ukuta wa kibofu umenenepa, au una vinyama vilivyochomoza, au mirija itokayo kwenye figo imetanuka kwa mkojo uliozuiwa, na anayetazama asiyekijua kichocho huweza kutishika akaandika maneno makubwa. Mtoto akinywa prazikwanteli, vidonda hivi vya utotoni aghalabu hupungua au hutoweka katika miezi ifuatayo, na picha ya baada ya miezi 6, tuseme, huweza kuonyesha kibofu kilichorudi kuwa laini. Hapa dawa yenyewe imegeuka kuwa kipimo: kilichoyeyuka kilikuwa ni kichocho, na kisichoyeyuka kinataka kutazamwa kwa kina zaidi, hasa kwa mtu mzima, kwa kuwa kichocho kilichoachwa miaka mingi huweza kuzaa saratani ya kibofu, na mirija iliyoganda kwa makovu huziua figo kimya kimya. Mzazi anayeona mkojo wa mwanawe umekuwa safi akasema amepona, hana kosa la kufikiri hivyo. Lakini mkojo haumwambii habari za figo.

Nimonia nayo ina desturi ambayo huwatatiza watu: mgonjwa hupona kabla ya picha yake. Homa imeondoka, anakula, anafanya kazi, na kivuli kingali kifuani, kwa kuwa mwili huchukua wiki kadhaa kufagia mabaki. Kumrudishia mgonjwa picha baada ya siku tano ati uonekane upungufu ni kupoteza fedha zake. Baada ya takriban wiki 6, kwa mvutaji sigara na kwa aliyepita miaka 50, picha ina maana kubwa, kwa sababu uvimbe unaoziba njia ya hewa hujificha nyuma ya nimonia, nayo ikiondoka wenyewe hubaki wazi. Ama kifua kikuu, aliyetibiwa akapona huweza kubaki na makovu yasiyofutika mpaka kaburini, kwa hiyo anayeamua kama dawa imefanya kazi kwa kutazama eksirei peke yake, akaacha kupima makohozi, anaweza kumwanzishia mtu upya dawa asizozihitaji.

Katika saratani, picha ya kwanza kabla ya tiba ni msingi, na kila ifuatayo hulinganishwa nayo. Wataalamu wamekubaliana kipimo ili wasisemezane kwa dhana: jumla ya vipenyo vya vimbe ikipungua kwa asilimia 30 au zaidi, tiba imeitikiwa, ikiongezeka kwa asilimia 20 au zaidi kutoka kipimo kidogo kabisa kilichowahi kupatikana, maradhi yameishinda dawa, na ni lazima ibadilishwe, kwa sababu hakuna huruma katika kuendelea kumtapisha mtu kwa dawa isiyomfaa. Kwa ajili hiyo huombwa, ikiwezekana, mashine ile ile na namna ile ile ya kupiga. Na katika tiba mpya zinazoiamsha kinga ya mwili, imeonekana kwamba uvimbe huweza kwanza kuvimba kisha ukanywea, hata tabibu akalazimika kurudia picha baada ya wiki 4 hadi 8 kabla ya kukata tamaa.

Ziko sababu nyepesi ambazo nitazipita haraka. Mgonjwa alitikisika, au matumbo yalijaa hewa ikaficha kongosho, au dawa ya kung'arisha mishipa haikutiwa kwa kuwa figo hazikuwa zimepimwa. Wakati mwingine mashine ya kwanza huona kitu na ya pili ndiyo iwezayo kukipa jina: ultrasaundi huona doa kwenye ini, na CT skani yenye dawa au mashine ya MRI ikaonyesha kwamba ni fundo la mishipa ya damu ambalo mtu amezaliwa nalo na atazikwa nalo likiwa halijamdhuru. Mwanamke aliyeitwa tena baada ya picha ya matiti asidhani ameandikiwa jambo. Katika mpango wa uchunguzi wa Uingereza, katika kila wanawake 100 wanaopigwa picha hiyo, 4 hivi huitwa tena, na katika hao walioitwa, mmoja katika kila wanne ndiye huonekana ana saratani. Watatu hurudi nyumbani kwa afua, na wa nne hurudi akiwa amewahi.

Lakini nisije nikafahamika kwamba kila picha ya pili ina haki yake. CT skani moja ya kifua humpa mtu miale inayokaribia ile anayoipata kwa maumbile, kutoka ardhini na angani, katika miaka miwili au mitatu. Si kitu cha kumtia hofu mwenye haja nayo, wala si kitu cha kugawiwa bure kwa asiyekuwa na haja, hasa mtoto. Ultrasaundi na MRI hazina miale ya namna hiyo, nazo zina gharama zake. Picha iliyorudiwa ili tu faili lisionekane tupu, ambayo jawabu lake, liwe hili au lile, halitabadili dawa wala ushauri wowote, haifai kuombwa, na mgonjwa ana haki ya kuikataa.

Na iko sababu moja ya kurudia picha ambayo inanihuzunisha kuliko zote, kwa kuwa haina uhusiano na maradhi: ile ya kwanza imepotea. Mgonjwa ametoka wilayani akafika hospitali ya rufaa akiwa na karatasi ya majibu iliyolowa mvua, au hana hata hiyo; picha yenyewe iliachwa, au ilitumika kufunikia dirisha, au imo katika mashine ya kituo ambacho hakikumpa nakala. Tabibu aliyempokea anaona kinundu cha milimita 9 na hajui kama mwaka jana kilikuwa 9 au 5, na tofauti hiyo ndiyo tofauti ya kumwambia nenda nyumbani na kumwambia njoo tukupasue. Hapo saa inaanza upya, miezi inahesabiwa upya, na fedha iliyouziwa mbuzi imekwenda bure. Vituo vinavyopiga picha vina wajibu wa kumpa kila mgonjwa nakala yake mkononi, na ninasema hapa hadharani kwamba kumnyima ni kumnyang'anya mali yake.

Basi ombi langu kwenu ni la vitendo. Kila mwenye picha nyumbani, iwe ya karatasi nyeusi au ya kisahani, aiweke mahali pakavu na salama pamoja na majibu yake na tarehe yake, na aende nayo kila anapokwenda kwa tabibu, hata kama haikuulizwa. Akiandikiwa kurudi, amwulize tabibu bila woga ni swali gani ambalo picha ya pili italijibu, na kwa nini ni muda ule wala si mwingine, na ni dalili zipi zikitokea kabla ya hapo asingoje. Na kama yumo ukumbini humu aliyekwisha kuandikiwa, tarehe ikampita kwa hofu au kwa kudhani amepona, namwomba asione haya kwa kuchelewa. Aende kesho asubuhi, na picha yake ya kwanza iwe mkononi.